Nani Alisema Pombe Lazima Ing'ae?

Ukitoka mjini Kericho kuelekea Bomet, macho huzoea rangi moja. Majani chai yamejaa pande zote mbili za barabara, kilima baada ya kilima, hadi ukadhani nchi hii haijui mmea mwingine. Lakini ukiendelea kuteremka upande wa Chepalungu, mvua hupungua, jua hukaza, na chai hukoma. Chebunyo iko huko chini. Ni wadi ya eneobunge la Chepalungu, jirani ya Sigor, Siongiroi na Kong'asis. Hapa pesa hutoka kwenye maziwa, na shambani kuna mahindi, maharagwe, wimbi na mtama.

Penye wimbi hapakosi pombe. Ilikuwa hivyo kabla ya barabara kufika, na imebaki hivyo hata baada ya wamishonari kupiga kambi Tenwek miaka ya 1930 na kufundisha vizazi kadhaa vya Wakipsigis kwamba Mkristo na mtungi hawakai nyumba moja. Ziko nyumba nyingi Bomet ambamo pombe haijawahi kuvuka kizingiti. Ziko nyingine, hazina haja ya kutajwa, ambamo karo ya watoto imelipwa na busaa kutoka darasa la kwanza hadi kidato cha nne.

Siku hizi pombe ya nafaka imepata wapenzi wa aina nyingine. Ni vijana wa mjini wanaopika bia jikoni kwa kimea cha shayiri, hopsi na hamira ya pakiti, bila kutumia ile shira ya kimea ya kopo ambayo wanaoanza kazi hii Ulaya na Marekani huitegemea. Wakishaonja na kuridhika, lalamiko lao huwa moja: bia ni tamu, lakini ni tope. Ukiinua glasi, kidole chako hukioni upande wa pili. Wanataka dawa.

Dawa zipo, na nitazitaja. Naanzia Chebunyo kwa sababu mama anayepika busaa amekuwa akipika kwa nafaka tupu maisha yake yote, na mengi ambayo vijana hawa wanayasoma vitabuni yeye huyafanya kwa mkono bila kuyapa jina. Tena pombe yake ni tope, na hajawahi kuona hilo kuwa kasoro.

Mpishi wa busaa huanza na unga wa mahindi. Anaukanda kwa maji hadi uwe donge zito, anaufunika, anauacha siku mbili tatu uchachuke. Kisha anakoka moto chini ya karai pana au kipande cha bati, anaumwaga ule unga mchachu na kuukaanga huku akiugeuzageuza, hadi uwe chembechembe za kahawia zenye harufu ya mkate ulioungua kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya kutoa machozi, kwa moshi na joto. Kimea kimeandaliwa pembeni: wimbi uliolowekwa, ukafunikwa kwa gunia hadi ukaota vijimizizi, ukaanikwa juani na kusagwa. Zile chembe hutiwa kwenye pipa la maji, kimea kinafuata, na baada ya siku chache pombe inachemka yenyewe bila moto. Ikiiva huchujwa, na kileo chake ni asilimia 2 hadi 4 hivi, chini ya bia nyingi za chupa.

Kwa nini akaange? Ukiuliza, utaambiwa ni kwa ajili ya ladha na rangi, na ni kweli. Lakini kuna sababu kubwa zaidi. Wanga mbichi umefungika ndani ya punje, na vimeng'enya vya kimea haviwezi kuuvunja kuwa sukari mpaka uwe umeiva kwa joto na majimaji. Wanga wa shayiri huiva kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi za Selisiasi, na kwenye joto hilo vimeng'enya vya shayiri bado viko kazini. Ndiyo maana mpishi wa shayiri anaweza kuchanganya kila kitu katika sufuria moja, akashikilia nyuzi 66 kwa saa moja, na kazi ikaisha. Mahindi, mtama na wimbi hazina bahati hiyo. Wanga wa nafaka hizo hutaka joto zaidi, mara nyingi kupita nyuzi 70, na ukifika huko kimeng'enya kinachotengeneza sehemu kubwa ya sukari kimekwisha kuharibika. Dawa ni kuupika wanga kwanza, peke yake, kisha kuleta kimea baadaye kwenye joto la wastani. Viwanda vikubwa vinavyotumia mahindi au mchele vina chombo maalumu cha kazi hiyo. Mama wa Chebunyo ana karai.

Tope la busaa basi halitokani na ujinga wa mpishi. Ndani yake mna wanga uliobaki, vipande vya nafaka, hamira hai, na bakteria wa uchachu, wale wale wa jamii inayogandisha maziwa ya mursik. Ni kinywaji na ni uji. Mzee aliyekunywa busaa mchana aliweza kusubiri chakula cha jioni bila kunung'unika.

Na wazee walikuwa na kichujio chao. Walikaa kuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, maji moto yakiongezwa kadiri pombe inavyopungua. Iteso wa Busia hunywa pombe yao ya ajono hivyo hadi leo. Ncha ya mrija ina kisosi kidogo kilichosukwa, kinachozuia makapi. Nafaka inabaki mtungini, kinywaji kinapanda. Mihuri ya Wasumeri iliyochongwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita inaonyesha watu wamekaa vivyo hivyo, mirija mdomoni, mtungi katikati. Pombe ilisafishwa njiani kuelekea kinywani, na hakuna aliyejali ilivyoonekana, kwa kuwa hakuna aliyeiona.

Tamaa ya bia inayopitisha mwanga ni jambo la juzi. Mwaka 1842, katika mji wa Plzeň ambao sasa uko Jamhuri ya Czech, mpishi Josef Groll kutoka Bavaria alitoa bia ya rangi ya dhahabu, angavu, iliyotulizwa kwenye mapango ya baridi. Karne ile ile glasi zikawa za bei nafuu, na mtu aliyekuwa akinywa kwenye kikombe cha udongo au cha bati akaanza kukitazama anachokinywa. Huku kwetu bia hiyo iliingia na mlowezi. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, akauawa na tembo mwaka uliofuata, na ndiyo asili ya jina Tusker. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kunywa bia hiyo. Yake ilikuwa pombe ya kienyeji, na katika Nairobi halmashauri ya mji ndiyo iliyomuuzia katika kilabu chake. Ung'avu ukawa cheo. Nashuku kwamba hata leo kijana anayeona haya kwa tope la bia yake anabeba kidogo mzigo wa historia hiyo.

Wenyewe huko Marekani wamechoka na cheo hicho. Bia inayotafutwa kwa udi na uvumba katika baa za vijana wao kwa miaka kadhaa sasa ni ile ya mtindo wa New England, nzito, yenye ukungu kama maji ya machungwa, na bei yake ni kubwa kuliko ya bia angavu. Mnywaji wa busaa akiambiwa hivyo atacheka, na ana haki.

Kabla ya kuingia jikoni, neno la sheria. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile tuliyozoea kuiita sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya pombe kali ya chang'aa na kuweka pombe zote chini ya utaratibu mmoja: atengenezaye au auzaye kileo awe na leseni. Tangu ugatuzi, kutoa leseni za pombe ni kazi ya kaunti. Anayetaka kupika Bomet aanzie kwa maafisa wa kaunti, si kwa sufuria. Chifu hatakuuliza kama bia yako ilikuwa angavu.

Haya. Tope la kwanza ni la wanga. Kama kimea hakikumaliza kuuvunja wanga, utabaki kwenye bia na hakuna baridi wala dawa itakayouondoa vizuri. Kipimo chake ni rahisi: chota kijiko cha yale maji matamu ya kimea, weka kwenye kisahani cheupe, dondoshea tone moja la iodini ya duka la dawa. Likigeuka buluu au jeusi, wanga ungalipo. Subiri dakika 15 upime tena. Likibaki la kahawia, endelea. Sampuli hiyo imwage, usiirudishe. Kipimajoto hapa si anasa. Tofauti ya nyuzi 5 tu inaweza kuwa tofauti kati ya bia na uji.

Kisha kuna kuchuja. Maganda ya shayiri, kimea kikisagwa kwa kiasi, hujipanga chini ya ndoo na kuwa kichujio chenyewe. Maji ya kwanza yanayotoka huwa machafu; yarudishe juu ya nafaka taratibu, tena na tena, mpaka yatoke yakiwa safi. Wimbi hauna ganda la kutosha, na punje zake ni ndogo mno, kwa hiyo kila kitu hugandamana na bomba huziba. Kumvi za mpunga huokoa, na kutoka Chebunyo mpaka mashamba ya mpunga ya Ahero si safari ya kutisha. Wengine hutumia mfuko wa kitambaa chepesi cha pazia. Usitumie chandarua cha kuzuia mbu: vile vinavyogawanywa kliniki vimetiwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo haina kazi tumboni.

Ukishachuja, chemsha kwa nguvu. Mchemko hafifu ni chanzo cha bia nyingi zenye ukungu. Protini zilizoyeyuka zinahitaji kutikiswa na kupigwa na joto mpaka zijikusanye kuwa vipande kama mayai yaliyovurugwa, vizame chini. Kwenye kimo cha mita 1,800 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo mpishi wa nyanda zetu aongeze muda: dakika 90 badala ya 60. Baada ya mchemko, pooza haraka. Sufuria ya lita 20 iliyoachwa ipoe yenyewe usiku kucha hukaribisha wadudu, na protini nyingine zinazoganda kwa baridi ya ghafla hubaki zikielea. Mrija wa shaba uliokunjwa na maji ya bomba yanayopita ndani yake hutosha. Karai kubwa la maji baridi yanayobadilishwa nalo hutosha, ukiwa na mtu wa kukusaidia kubeba.

Katika mchemko ndimo hopsi huingia. Huo ni mmea wa nchi za kiangazi cha siku ndefu. Hapa kwenye ikweta, ambako usiku na mchana hugawana sawa mwaka mzima, hautoi maua ya maana, kwa hiyo zote huagizwa kutoka nje. Uchungu wake hulinda bia dhidi ya bakteria wa uchachu, na hiyo ni sababu mojawapo ya bia ya chupa kukaa miezi huku busaa ikiharibika kwa siku mbili tatu. Waethiopia wana uchungu wao, gesho, wanaoutia katika pombe zao za tella na tej. Mti huo huota pia katika nyanda za juu za Kenya. Wakikuyu huuita mukarakinga. Ningependa sana kuona mpishi wa Bomet akiujaribu.

Sasa tufike kwenye ukungu unaowashangaza wengi. Bia ni angavu ikiwa vuguvugu. Ukiitia frijini inafifia. Ukiiacha mezani inang'aa tena. Mtu wa Kericho hana sababu ya kushangaa. Pika chai ya rangi, kali, ya majani mazuri, uiache ipoe kabisa. Itapata ukungu wa rangi ya krimu. Tanini za chai hushikana na kafeini baridi inapoingia, na joto likirudi huachana. Waonjaji wa chai huupenda ukungu huo. Kwao ni dalili kwamba chai ina nguvu. Ndani ya bia tanini hushikana na protini za nafaka, kwa mtindo ule ule, isipokuwa mpishi wa bia huuchukia. Jambo moja, bonde moja, na hukumu mbili zinazopingana.

Tanini za bia hutoka kwenye maganda ya nafaka na kwenye hopsi. Ukisuuza machicha kwa maji ya moto kupita nyuzi 77 hivi, au ukisuuza mno hadi utamu ukaisha, unazikamua kwa mikono yako mwenyewe. Wimbi wa kahawia na mtama mwekundu zimejaa tanini kwa asili. Ndege huukimbia mtama mwekundu kwa sababu hiyo hiyo. Mtama mweupe ni rahisi zaidi, nao ndio kampuni ya Tusker iliutafuta kwa ajili ya Senator Keg, bia iliyoanza kuuzwa mwaka 2004 kwa wanywaji wa chang'aa. Bia hiyo ilithibitisha kwamba mtama wa mkulima mdogo unaweza kutoa kinywaji angavu. Ilithibitisha pia jinsi mkulima huyo alivyo juu ya uzi: serikali iliporudisha ushuru mwaka 2013, mauzo yalianguka, na magunia ya mtama yakakosa mwenyewe hadi nafuu ya ushuru iliporejeshwa. Bomet nayo ina sababu yake ya kuutazama mtama. Septemba 2011 ugonjwa wa virusi unaokausha mahindi ulionekana kwa mara ya kwanza Kenya, na mahali ulipoonekana ni Longisa, humu humu Bomet. Wakulima wakashauriwa kupumzisha mahindi na kupanda nafaka nyingine.

Tope la mwisho ni la hamira. Ziko hamira zinazoshikana zikimaliza kazi na kuzama kama changarawe. Aina nyingi za bia za Kiingereza ni hizo. Ziko zinazopenda kuelea, kama za bia ya ngano ya Kijerumani. Hamira ya mkate ya dukani itatoa kileo, lakini usiitegemee kuzama vizuri. Hapa dawa kubwa ni baridi na subira. Bia iliyomaliza kuchacha ikikaa kati ya nyuzi 0 na 4 kwa siku kadhaa, mashapo hushuka na yale yaliyo juu hutakata. Friji kuukuu yafaa. Chepalungu si mgeni wa baridi ya mashine: maziwa ya wakulima hupozwa hadi nyuzi 4 kwenye vituo, na cha Siongiroi ni miongoni mwa vilivyojulikana mapema. Sisemi mtu apeleke bia huko. Asiye na friji, kwenye milima ya chai usiku una baridi yake. Bia itatulia, ila itachukua wiki badala ya siku.

Wenye haraka hutumia vishikizi. Jelatini isiyo na ladha, ya kupikia, kijiko kimoja cha chai kwa lita 20 hivi, huyeyushwa katika maji ya nyuzi 70, bila kuchemshwa, na kutiwa katika bia ambayo tayari ni baridi. Huvuta hamira na protini na kushuka nazo.

Lakini vishikizi vya kale zaidi vina habari ya kututia aibu kidogo. Wapishi wa Ulaya hutia mwani dakika 10 au 15 kabla ya mchemko kwisha. Kinachofanya kazi ndani yake ni utomvu uitwao karajinani, ambao hushika protini. Sasa, karajinani ndiyo sababu mwani unalimwa Zanzibar. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, na kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake wanaoshinda majini bamvua ikitoka. Nchini Kenya mwani hulimwa Kibuyuni, Kwale. Aina yenye thamani zaidi, ile ya cottonii, imekuwa ikifa kadiri bahari inavyopata joto. Mwingi huondoka ukiwa mkavu, ndani ya magunia, na thamani yake huongezwa mbali.

Waingereza walisafisha bia ya mapipa kwa utando wa kibofu cha samaki. Zamani ulikuwa wa samaki wa Urusi. Baadaye wafanyabiashara waligundua mbuta wa Ziwa Victoria, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Mabondo yake, ndiyo vibofu hivyo, yamesafirishwa kwa kazi hiyo, ingawa leo soko nono ni la China, ambako huliwa kama kitoweo cha hadhi, na kilo ya mabondo hushinda kilo ya minofu mara kadhaa. Guinness ilitangaza mwaka 2015 kwamba itaachana na kibofu cha samaki, na wala mboga wakashangilia.

Na viwanda? Vingi duniani hupitisha bia kwenye unga mweupe wa diatomaiti, ambao ni mabaki ya viumbe vidogo vya maji vilivyokufa zamani sana. Mtu anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Nakuru hupita karibu na machimbo yake pale Kariandusi, jirani na Ziwa Elmenteita.

Kwa hiyo bahari, ziwa na bonde letu la ufa vina vitu ambavyo dunia hutumia kuing'arisha bia. Waliopika busaa hawakuvitumia kwa kuwa hawakuwa na shida ambayo vitu hivyo vinatibu.

Liko jambo linalonisumbua zaidi katika mapenzi haya ya ung'avu. Pombe angavu kuliko zote inayouzwa vichochoroni ni chang'aa. Haina tope hata chembe. Methanoli nayo ni angavu, haina rangi, na mnywaji hawezi kuitofautisha kwa jicho. Novemba 2000 pombe iliyochanganywa na methanoli iliua zaidi ya watu 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Mei 2014 vifo vilitapakaa Embu, Kiambu na kwingineko, na wengine walionusurika wakapofuka. Bia ya nafaka, iwe tope au angavu, haina methanoli ya kutisha. Hatari hiyo huletwa na mtu anayeongeza kemikali ili kileo kipande haraka.

Hilo halimaanishi kwamba tope ni salama daima. Januari 2015, katika kijiji cha Chitima nchini Msumbiji, pombe ya nafaka iliyonywewa kwenye matanga iliua watu 75. Mwanzoni kulikuwa na uvumi wa sumu ya nyongo ya mamba. Uchunguzi ulionyesha asidi yenye sumu iliyotengenezwa na bakteria katika unga wa mahindi uliokuwa umeharibika. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo, wala kuchuja. Kosa lilikuwa kwenye gunia, kabla sufuria haijawekwa motoni. Mahindi yaliyoota ukungu hayawi salama kwa kuwa yamegeuzwa pombe. Anayeweka kando mahindi mabovu «ya kupikia busaa» anacheza na roho za majirani.

Mpishi makini basi hutazama mara mbili: punje kabla ya kusaga, na bia kabla ya kujaza chupa. Chupa za kahawia ndizo bora, kwa kuwa mwanga huiharibu hopsi na kuipa bia harufu mbaya. Sukari ya kutia gesi isizidi gramu 6 au 7 kwa lita, na bia iwe imemaliza kuchacha kabisa, ama chupa zitapasuka kabatini usiku. Bia ya nyumbani itaacha utando mwembamba wa hamira chini ya chupa hata ukifanya kila kitu sawa. Mimina kwa mkono mmoja bila kusitasita, uache kidole kimoja cha bia ndani. Anayetaka kukinywa akinywe. Kina vitamini, na hakina ubaya zaidi ya kusumbua tumbo kidogo.

Kilichobaki ni machicha, na lita 20 za bia huacha kilo kadhaa. Chebunyo hayana haja ya kutupwa: ng'ombe wa maziwa huyapenda, yana protini, na hupunguza gharama ya chakula cha dukani. Yapewe siku hiyo hiyo au kesho yake, yakichanganywa na nyasi, maana machicha mabichi huota ukungu upesi. Mashapo ya hamira hai yachemshwe kwanza, la sivyo yataendelea kuchacha tumboni mwa ng'ombe na kumvimbisha.